Diski za Saa 48: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Diski za Kutazama na Kutupa

Mwaka 1996 nilianza kazi kwenye duka la kukodisha kanda za video mjini Tanga, nikiwa kijana wa kaunta, na nilibaki hapo mpaka siku tulipofunga milango. Tangu nianze kuandika habari za vyombo vya kutunzia picha na sauti, swali linalonifikia zaidi ni la zile diski za Kimarekani zilizokuwa zikifa baada ya siku mbili. Wengine wamezisikia wakadhani ni hadithi. Si hadithi. Maswali yanajirudia, nami nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake.

Diski ya kutazama na kutupa ni nini hasa?

Ni diski ya filamu unayoinunua kwa bei inayokaribia ya kukodi. Unaitazama kwa muda uliopangwa, kwa kawaida saa 48, na muda huo ukiisha diski haikufai tena. Huirudishi popote.

Zilikuwapo za aina mbili zilizopata umaarufu, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni Divx, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1998. Hii ilifungwa kwa kufuli la kompyuta: diski yenyewe ilibaki nzima, ila deki ilikataa kuicheza mpaka ulipe tena. Ya pili ni Flexplay, iliyojaribiwa sokoni mwaka 2003 na kurudi tena mwaka 2008. Hiyo haikuwa na kufuli lolote. Ilikuwa ikiharibika yenyewe kwa hewa, mfano wa tunda lililokatwa.

Kwa nini mtu alifikiria kitu kama hicho?

Kwa sababu kukodi filamu kulikuwa na safari mbili, na ile ya pili ndiyo iliyowatesa watu. Kwenda kuchukua kanda ni furaha: Ijumaa jioni, watoto wamekushika mkono, kila mmoja anataka yake. Kurudisha ni deni.

Kaunta yetu ilikuwa na daftari kubwa la mistari: jina, mtaa, namba ya kanda, tarehe ya kurudisha. Kanda ikichelewa nilipiga mstari mwekundu, na siku ya tatu nilitumwa kwa baiskeli kuifuata. Siku moja nilimkuta mama mmoja Ngamiani anatoka zahanati, mtoto mgonjwa mgongoni, kanda yetu ndani ya mfuko wa nailoni mkononi. Akaniambia, "Mwanangu, nilikuwa nakuja huko huko." Faini nilimwandikia, maana ndiyo kanuni niliyopewa. Najuta mpaka leo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba waliobuni diski hizi walikuwa wanatafuta tatizo lisilokuwapo, nakataa. Tatizo lilikuwapo, na nililiona kwa macho yangu.

Marekani kero ilikuwa ile ile, ila kwa ukubwa mwingine. Blockbuster, kampuni ya kukodisha filamu iliyoanzia Dallas mwaka 1985, ilisambaa mpaka ikawa na maelfu ya maduka, na faini za kuchelewesha zilikuwa sehemu kubwa ya mapato yake. Mteja alizichukia, lakini alizilipa.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo mteja hakuiona, nayo ndiyo iliyozivuta kampuni za filamu. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inasema mtu akishanunua nakala halali, nakala hiyo ni mali yake: anaweza kuiuza, kuigawa au kuikodisha. Duka likinunua kanda moja, lingeweza kuikodisha mara mia mbili, na kampuni iliyotengeneza filamu haikupata hata senti ya ziada. Ndiyo maana kanda za kuuziwa maduka ya kukodisha zilipangiwa bei kubwa mno kuliko zile za kuuziwa watu wa kawaida. Sasa fikiria kanda inayotazamwa mara moja tu kisha basi. Kila mtazamaji anakuwa mnunuzi mpya, na kila mnunuzi anamletea mwenye filamu fungu lake.

Ukiweka sababu hizo mbili pamoja, utaona kwa nini matajiri waliweka fedha zao hapo.

Divx ilibuniwa na nani?

Na Digital Video Express, kampuni iliyoundwa na Circuit City, wenye mtandao mkubwa wa maduka ya vifaa vya elektroniki na makao yao Richmond, Virginia, wakishirikiana na kampuni ya mawakili wa mambo ya burudani ya Los Angeles. Waliitangaza Septemba 1997. Angalia tarehe hiyo vizuri: DVD yenyewe ilikuwa imeingia madukani Marekani mwezi Machi mwaka huo huo. Watu hawajamaliza hata kuelewa DVD ni nini, tayari wanaletewa DVD ya pili yenye masharti. Majaribio yalianza Juni 1998 katika miji ya San Francisco na Richmond, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa inauzwa nchi nzima.

Ilifanyaje kazi?

Kwa macho ilikuwa diski ya kawaida ya sentimita 12. Tofauti ilikuwa ndani. Filamu ilifungwa kwa msimbo mzito ambao deki ya DVD ya kawaida haikuweza kuufungua, na kila diski ilikuwa na namba yake peke yake, iliyochorwa kwa mistari karibu na tundu la katikati. Hakukuwa na diski mbili zenye namba moja.

Ilikubidi ununue deki maalumu ya Divx, iliyokuwa ghali kwa karibu dola 100 kuliko deki ya DVD ya kawaida. Deki hiyo ilicheza DVD za kawaida pia. Ilikuwa na modemu ndani, na ilipaswa kuunganishwa na laini ya simu ya mezani. Usiku, wenyewe mmelala, deki inapiga simu kwenye kompyuta kuu ya kampuni, inatoa taarifa ya diski zilizochezwa, na malipo yanakatwa kwenye akaunti yako.

Anayetumia LUKU, umeme wa kulipia kabla, ataelewa haraka. Nyaya ziko ukutani, taa iko darini, vyote vyako. Lakini uniti zikiisha unakaa gizani, kwa sababu anayeamua kama taa iwake yuko kwingine. Divx iliifanya filamu kuwa hivyo: diski iko kabatini kwako, funguo ziko Virginia.

Diski iliuzwa takriban dola 4.49. Ukitaka kuitazama tena baada ya muda kuisha, ulilipa dola 3.25 na kupata saa 48 nyingine. Baadhi ya diski ungeweza kuzilipia jumla zikawa za kutazamwa bila kikomo. Hizo waliziita Silver. Hata Silver, hata hivyo, ilifunguka kwenye deki zilizosajiliwa kwa jina lako tu. Ukiipeleka kwa kaka yako, kwa kaka yako haikujui.

Saa 48 zilianza kuhesabiwa lini?

Kwa Divx, pale ulipobonyeza kuicheza kwa mara ya kwanza. Ungeweza kununua diski kumi leo ukaziweka rafuni miezi sita. Hili lilikuwa jambo jema kweli, na wapinzani wengi hawakulitaja. Kwa Flexplay, saa zilianza ulipochana pakiti, utazame usitazame.

Nikimaliza kutazama, ningeweza kumpa jirani?

Ya Divx, ndiyo, mradi jirani ana deki ya Divx na akaunti yake. Angelipa yeye saa 48 zake. Ya Flexplay ungempa pia, lakini mngekimbizana na saa.

Kama ilikuwa rahisi hivyo, kwa nini watu waliikataa?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko kwenye kiini.

Ilikataliwa kwanza na wale waliozipenda filamu kuliko wote. Watu hao walikuwa wameanza kununua DVD kwa furaha kubwa, kwa mara ya kwanza wanapata picha safi, yenye upana wake wote kama ilivyokuwa sinema, pamoja na mahojiano na sehemu za ziada. Diski nyingi za Divx zilikuwa na picha iliyokatwa pembeni ili ijae kwenye televisheni ya mraba, na ziada hazikuwamo. Kisha wakaona kampuni kubwa zinajipanga upande wa Divx: Disney, Paramount, Universal, Fox, MGM na DreamWorks zote zilikubali kutoa filamu zao humo. Warner na Sony walikataa. Mashabiki wakaingiwa na hofu halali: je, kama filamu nzuri zitatoka kwa Divx peke yake? Wakafungua tovuti za kuipinga, wakaandikiana, wakaenda madukani kuwaonya wanunuzi. Intaneti ilikuwa bado changa, na hii ilikuwa moja ya mara za mwanzo wanunuzi kuitumia kupigana na bidhaa.

Halafu kulikuwa na suala la deki kupiga simu usiku. Mtu anajiuliza: kwa nini chombo nilichokinunua kwa fedha yangu kimweleze mtu nisiyemjua kwamba juzi nilitazama nini? Leo tumezoea simu zetu kutoa taarifa zetu kila dakika. Mwaka 1998 watu walikuwa hawajazoea, na walistuka. Naona walikuwa na haki ya kustuka.

Maduka ya kukodisha nayo hayakuitaka, kwa sababu iliwaondoa wao kabisa. Na maduka ya elektroniki yaliyoshindana na Circuit City hayakuwa na hamu ya kuuza bidhaa ambayo kila diski yake ilimjaza mshindani mfuko.

Wengi husema Divx iliangushwa na bei ya deki. Bei ilichangia. Lakini mimi niliyesimama kaunta naona jambo jingine. Mteja anapokodi kanda anajua ni ya kuazima, ataitazama na kuirudisha, roho yake imetulia. Anaponunua, anajua ni yake. Divx ilimwambia mteja "umenunua" kisha ikamfanyia mambo ya kuazima. Neno "nunua" lina uzito wake. Mtu hapendi alichonunua kimwombe ruhusa.

Mwisho wake ulikuwaje, na walionunua deki walifanywaje?

Tarehe 16 Juni 1999 Circuit City ilitangaza kwamba inaacha. Hasara iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 114 baada ya kodi. Walionunua deki kabla ya siku hiyo waliahidiwa kurudishiwa dola 100, ile tofauti ya bei. Mfumo wa simu uliachwa ukiendelea kwa takriban miaka miwili ili watu wamalizie diski zao, kisha tarehe 7 Julai 2001 kompyuta kuu ikazimwa.

Tangu siku hiyo hakuna diski ya Divx inayofunguka popote duniani. Plastiki ni nzima, filamu iko ndani, kila kitu kipo isipokuwa wa kuipa ruhusa.

Deki yangu ya zamani imeandikwa DivX mbele. Ni hiyo hiyo?

Hapana, na swali hili naliona kila wiki, hasa kutoka Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ambako deki zenye alama hiyo zilijaa miaka ya 2000. DivX hiyo ni programu ya kubana video ili ikae kwenye nafasi ndogo. Ilitokana na kazi ya Mfaransa Jérôme Rota, na jina lilichukuliwa kwa kuitania ile Divx iliyoshindwa. Deki yenye alama hiyo iliweza kusoma diski moja iliyosheheni filamu nyingi zilizobanwa. Haina uhusiano wowote na saa 48 wala na simu za usiku. Ukiwa nayo, itunze, ni chombo kizuri.

Flexplay nayo ilikuwa inakufaje? Nani aliyeijua kwamba saa 48 zimeisha?

Hakuna aliyejua. Ilikuwa kemia tupu, na ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika habari hii yote.

DVD si kipande kimoja cha plastiki. Ni bapa mbili nyembamba za polikaboneti, kila moja milimita 0.6, zilizogandishwa kwa gundi. Taarifa za filamu ni vishimo vidogo mno vilivyoko ndani, na leza nyekundu ya deki hupita kwenye plastiki, hugonga vishimo hivyo na kurudi. Watu wa Flexplay, wakifanya kazi na kitengo cha plastiki cha General Electric, walitia rangi maalumu kwenye gundi ile. Diski ikiwa imefungwa kwenye pakiti isiyopitisha hewa, rangi hiyo inapitisha mwanga. Pakiti ikichanwa, oksijeni huanza kupenya kwenye plastiki taratibu, hufika kwenye gundi, na rangi hugeuka. Baada ya takriban siku mbili imekuwa nzito kiasi kwamba leza haipiti tena.

Rangi yenyewe ni jamaa wa bluu ya methilini, ile ile tuliyoitumia kwenye maabara ya shule kupaka chembe za shavu kabla ya kuzitazama kwenye hadubini. Ikinyimwa oksijeni haina rangi. Ikipata oksijeni inakuwa bluu, na bluu hiyo humeza mwanga mwekundu wa kiasi kile kile ambacho deki ya DVD hutumia. Hakuna umeme, hakuna saa ndani, hakuna akaunti. Ni hewa unayovuta wewe ndiyo inayofunga filamu.

Nimeiona kwa macho. Mwaka 2008 mtoto wa mjomba aliyekuwa akisoma Atlanta alikuja likizo na moja kwenye begi, kwa kuwa alijua nitaifurahia. Pakiti ilikuwa ya karatasi ngumu, ndani yake foili iliyobana. Tuliichana Ijumaa baada ya swala ya isha, nikaandika saa kwa kalamu juu ya ganda. Diski ilikuwa nyekundu, ukiinua kwenye taa inapenya mwanga kama juisi ya rosela kwenye glasi. Deki yetu ya Kichina haikujali mambo ya maeneo, yaani ile kanuni ya DVD kufungwa ichezwe sehemu moja tu ya dunia, kwa hiyo ilicheza bila shida, ingawa diski za Marekani ni za eneo la 1 na sisi Tanzania tuko eneo la 5. Jumamosi usiku ilikuwa imeiva, rangi ya zambarau. Jumapili jioni nilipoirudisha tena kwenye deki, picha ilikuwa inakwama na kurukaruka. Jumatatu asubuhi ilikuwa nyeusi kama kifuu kilichoungua. Deki ikaizungusha, ikaizungusha, ikaitoa nje.

Mwanangu, aliyekuwa na miaka sita, akaniuliza kama imekufa. Nikamwambia ndiyo. Akauliza tutaizika wapi. Sikuwa na jibu zuri, na swali lake linanileta kwenye swali la takataka hapo chini.

Ziliuzwa wapi na kwa bei gani?

Disney, kupitia kitengo chake cha Buena Vista, ilizijaribu kuanzia Septemba 2003 kwa jina la EZ-D katika miji michache, miongoni mwayo Austin, Kansas City na Charleston. Bei ya mwanzo ilikuwa karibu dola 7. Ziliwekwa kwenye maduka madogo na maduka ya dawa, mahali ambapo mtu anaingia kununua maziwa akatoka na filamu. Hazikuchangamkiwa. Mwaka 2004 filamu moja ya Krismasi iliyoitwa Noel ilitolewa kwa diski hizi karibu wakati ule ule ilipokuwa kwenye majumba ya sinema. Mwaka 2008 zikarudi kwenye maduka ya vifaa vya ofisi ya Staples kwa dola 4.99, kisha zikapotea tena.

Kwa kulinganisha, wakati huo mashine za Redbox zilizosimama milangoni mwa maduka makubwa zilikodisha DVD kwa dola 1 kwa usiku mmoja. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Je, hazikuwa uchafuzi mtupu?

Makundi ya mazingira ya Marekani yalisema hivyo tangu siku ya kwanza, na yalifanya kampeni kwenye miji ya majaribio. Kampuni ilijibu kwamba polikaboneti inaweza kutumika upya, ikaweka utaratibu wa kurudisha diski zilizokufa, na ikatoa hoja kwamba safari ya gari ya kurudisha kanda nayo inachoma mafuta.

Hoja ya mafuta si ya kupuuzwa, hasa kwa Mmarekani anayeendesha maili kadhaa kwenda dukani. Lakini tazama utaratibu wa kurudisha. Diski ilibuniwa ili usirudishe. Sasa unaambiwa, ili usichafue dunia, irudishe. Aliyekuwa anachoka kurudisha kanda anayodaiwa faini, ataipeleka plastiki nyeusi asiyodaiwa chochote? Wachache wangeipeleka. Nyingi zingeishia jalalani.

DVD moja ina uzito wa gramu 16 hivi. Kidogo. Ila kanda moja ya duka letu ilitoka na kurudi mpaka lebo ikafutika kwa vidole vya watu, ikaandikwa upya, ikafutika tena. Kila safari ile ingekuwa diski, tungekuwa na rundo la kufika kiunoni kwa filamu moja.

Flexplay iliweza kunakiliwa?

Ndani ya saa zake ilikuwa DVD kama DVD nyingine, na kinga yake ilikuwa ile ile ya DVD, ambayo ilishavunjwa tangu mwaka 1999. Kunakili kulikuwa kosa kisheria, lakini kemia haikukuzuia. Divx ilikuwa ngumu zaidi.

Kwa nini haikuhamishiwa kwenye Blu-ray?

Blu-ray inatumia leza ya rangi ya urujuani badala ya nyekundu. Rangi iliyofunga leza nyekundu ya DVD haiifungi leza hiyo vizuri, kwa hiyo ingehitajika kemia nyingine. Na soko lenyewe lilikuwa limeshageuka.

Zingetufaa sisi huku?

Divx isingetufaa. Mtaa wetu mzima simu ya mezani ilikuwa kwa watu watatu, na kadi ya benki ya kukatwa fedha kila mwezi hakuna aliyekuwa nayo. Chombo kinachodai laini ya simu, akaunti na kampuni ya kupokea simu yake usiku kilibuniwa kwa ajili ya nyumba ya Kimarekani na hakikutoka huko.

Flexplay naiona kwa namna nyingine. Haikuomba chochote zaidi ya deki ya kawaida. Baharia anayeondoka bandarini, dereva wa lori anayelala Tunduma, nesi aliyepangiwa kazi kijijini: watu hawa duka la kukodisha haliwaamini, kwa sababu hawatarudi kesho. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwanyima kanda wageni wasio na mdhamini mtaani. Diski isiyorudishwa ingewaheshimu watu hao. Ubaya ni kwamba haikuwahi kuwa rahisi kiasi cha kuwafikia, na kila mmoja angeacha plastiki nyuma yake.

Basi nini kilichomaliza kero ya faini?

Bahasha. Netflix, iliyoanzishwa California mwaka 1997 na Reed Hastings na Marc Randolph, ilianza kukodisha DVD kwa posta mwaka 1998, mwaka ule ule wa Divx. Mwaka uliofuata ikaleta malipo ya mwezi: kaa na diski unavyotaka, ukiirudisha tunakuletea nyingine. Faini haipo. Diski ni ile ile, inazunguka nyumba kwa nyumba, na anayeibeba kuirudisha ni mtu wa posta aliyekuwa anapita mlangoni kwako hata hivyo. Mwaka 2005 Blockbuster nao wakaondoa faini, wakiwa wameshachelewa. Walifilisika mwaka 2010. Huduma ya bahasha yenyewe ilidumu mpaka Septemba 2023.

Napenda watu wakumbuke hili. Tatizo moja, mwaka mmoja, majibu mawili. Mmoja alisema mteja ni msahaulifu, basi tumuuzie kinachokufa. Mwingine alisema mteja ni msahaulifu, basi tuache kumwadhibu.

Kukodi filamu mtandaoni leo si jambo lile lile?

Karibu sana. Ukikodi filamu kwenye maduka mengi ya mtandaoni unapewa siku 30 za kuanza kuitazama, na ukishaanza, saa 48 za kuimaliza. Namba ile ile. Plastiki imeondoka, safari zote mbili zimeondoka, na kwa kukodi sina malalamiko, kwa sababu kinaitwa kukodi na ndicho unachopata.

Ninachokilalamikia ni kitufe cha pili, kile cha "nunua". Mara nyingi unachonunua ni ruhusa, kama ile diski ya Silver, na inaishi kadiri kompyuta ya mwenyewe inavyoishi. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu vya kielektroniki mwaka 2019, vitabu ambavyo watu walikuwa wamevinunua viliacha kufunguka. Walirudishiwa fedha, na hilo ni la kuheshimiwa, lakini vitabu vilikwenda. Kabla hujalipa bei ya kununua, uliza swali moja tu: wenyewe wakifunga, mimi nabaki na nini mkononi?

Nimekuta diski ya namna hii kwenye vitu vya ndugu yangu aliyekuwa Marekani. Nifanye nini?

Kama ni Divx, haitacheza kwenye deki yoyote, usijisumbue. Kama ni Flexplay iliyo ndani ya foili, tazama tarehe iliyopigwa mhuri kwenye pakiti. Zilitengenezwa kukaa takriban mwaka mmoja bila kufunguliwa, kwa hiyo iliyokutwa leo imeshapita muda wake mara nyingi. Usiichane kwa kutumaini filamu. Usiichome pia, moshi wa plastiki hiyo haufai kuvutwa na mtu. Iache ndani ya foili, na kama huihitaji, niandikie. Ninayo moja tu, ile nyeusi ya mwaka 2008, na ningependa kuwa na nyingine ambayo haijafunguliwa, niziweke pamoja na lile daftari la mistari.